Gramu 133 za klore: vile nilikuja kuelewa uwiano

Nataka kuandika hii kitu tangu zamani, juu kila nikiona mtoto anahangaika na zoezi la regle de trwa, yaani kanuni ya namba tatu, nakumbuka ndoo moja ya klore, ile dawa ya kuua vijidudu, na roho inanidunda mpaka leo.

Ilikuwa mwezi wa 8 mwaka 2019, hapa Goma, mashariki ya Kongo. Ebola ilikuwa imetangazwa Kivu Kaskazini tangu tarehe 1 Agosti 2018, mwaka karibu mzima tulikuwa tunasikia Mangina, Beni, Butembo, sisi huku tunaona kama ni mbali, mpaka tarehe 14 Julai 2019 mgonjwa wa kwanza akapatikana hapa mjini, na siku tatu kisha WHO ikatangaza kwamba sasa ni dharura ya dunia nzima. Kila mlango ukapata bidoni ya maji yenye robine, yaani bomba. Kanisani unanawa, sokoni unanawa, kwenye Petite Barrière, pale mpakani, watu wanaovuka kwenda Gisenyi upande wa Rwanda wananawa na kupimwa joto. Mimi nilipata kazi kwenye kituo kimoja, si kazi ya mbele na wagonjwa hapana, kazi yangu ilikuwa nyuma, kutengeneza maji ya klore.

Maji yalikuwa ya aina mbili. Ya asilimia 0.05 ni ya mikono, na ya asilimia 0.5 ni ya sakafu, viatu, vyombo. Ukichanganya hizo mbili umeharibu, juu ile ya nguvu inachoma ngozi ya mtu na ile ya mikono haitoshi kuua ugonjwa kwenye sakafu. Poda yetu ilikuwa inakuja kwenye ndoo imeandikwa 70, maana yake kwenye gramu 100 za poda kuko gramu 70 za klore inayofanya kazi, zingine ni vitu tu vinavyoisindikiza. Karatasi ukutani ilisema: bidoni ya litri 20, weka gramu 143, unapata 0.5. Kila asubuhi napima kwenye balanse, natia, nakoroga, nasubiri itulie, basi.

Siku moja zikaja ndoo zimeandikwa 65. Shefu hakuwepo. Nikasema hii si shida, regle de trwa naijua tangu primaire. Nikaandika 70 inaomba 143, 65 inaomba ngapi, nikapiga msalaba wangu, 65 mara 143 gawanya kwa 70, ikatoka 132.8, nikaandika 133. Hesabu yenyewe ilikuwa safi, nilirudia mara mbili kwenye telefone. Nikapima gramu 133, bidoni ya kwanza ikatoka ikaenda kusafishia viatu mlangoni.

Tulikuwa na mama mmoja timu moja, alifanya uuguzi miaka mingi kabla. Akaona karatasi yangu. Hakupiga kelele. Aliniuliza tu, "Mwanangu, hii poda mupya iko na nguvu kuliko ile ya zamani, ao iko na nguvu kidogo?" Nikajibu kidogo. Akasema, "Sasa juu ya nini unatia kidogo tena?"

Sikuwa na jibu. Nilisimama pale na kijiko mkononi. Poda ikiwa dhaifu unaongeza, hata mtu hajasoma anajua, majani ya chai yakiwa dhaifu unaongeza majani, mimi nilipunguza. Tulikimbia kurudisha ile bidoni, tukatengeneza ingine yenye gramu 154, na mlangoni kote wakasafisha upya. Baadaye nikakokotoa ile ya kwanza ilikuwa na nguvu gani, ikatoka kama asilimia 0.43. Mama akaniambia haikuwa mbali sana na 0.5, na hakuna kitu kibaya kilitokea, lakini usiku ule sikulala, juu nilijua kama ile poda ingekuwa ya 35 badala ya 65 ningetia nusu ya poda ambayo tayari ni nusu ya nguvu, na watu wangepita juu ya ile maji wakijua wako salama.

Sasa hapa njo nataka tukae kidogo.

Shuleni, mwaka wa tano primaire, masomo yalikuwa kwa Kifaransa na mwalimu wetu alikuwa mtu wa bidii kweli, namheshimu. Alituonyesha: namba tatu unazo, ya nne unatafuta, unapiga msalaba, unazidisha, unagawanya. Kilasi kizima tulikuwa tunapata 10 juu ya 10. Kalamu 3 ni franka kadhaa, kalamu 7 ni ngapi, msalaba, jibu. Mazoezi ishirini yanafuatana na yote ni ya aina moja, kwa hiyo hakuna siku akili yako ilihitaji kuuliza kama msalaba unafaa. Kisha sura ingine ya kitabu, wafanyakazi na siku, nayo unafundishwa namna ingine ya kupiga, mazoezi ishirini tena, yote ni ya aina ile. Hatukuwahi kupewa zoezi bila kuambiwa ni la sura gani. Na maisha hayaandiki juu ya ndoo ya klore kwamba hii ni sura ya nane.

Ule usiku nilikaa na telefone nikaanza kugawanya na kuzidisha ovyo ovyo nione nini kinatokea. 143 gawanya kwa 70 inatoa 2.04. 154 gawanya kwa 65 inatoa 2.37. Hazifanani. Nikajaribu kuzidisha: 143 mara 70 ni 10,010. 154 mara 65 ni 10,010. Nilishtuka, nikarudia, ileile. Namba mbili tofauti za poda, nguvu mbili tofauti, na ukizidisha unarudi palepale.

Lakini kilichonifungua macho ni nilipojiuliza hiyo 10,010 ni kitu gani kwenye ndoo. Juu namba haiwezi kukaa pale bure. Gramu 143 za poda ya asilimia 70, ile klore yenyewe ndani yake ni gramu 100. Gramu 154 za poda ya asilimia 65, klore yenyewe ni gramu 100. Na litri 20 za maji ni gramu 20,000, gramu 100 ndani ya 20,000 ni nini? Ni asilimia 0.5. Kumbe ile bidoni haijali poda inaitwa nini, inaomba gramu 100 za klore, wewe zilete vile unajua. Poda ikiwa na nguvu unaleta kidogo, ikiwa dhaifu unaleta mingi, gramu 100 haziguswi.

Tangu siku ile swali langu la kwanza kwenye zoezi lolote si "namba ya nne ni ngapi", ni "nini hapa hakigeuki?" Nimeshalirudia kwa watoto mpaka wamechoka na mimi.

Chukua poda ileile ya 70, sasa ninachobadilisha ni maji. Litri 20 gramu 143, litri 10 gramu 71 na nusu, litri 1 gramu 7 na kidogo. Hapa kisichogeuka ni gramu kwa kila litri, yaani ukigawanya unapata namba moja. Hiyo ndiyo uwiano wa kwenda pamoja, kimoja kikiongezeka mara mbili na kingine mara mbili, walimu wetu waliita proporsionele direkte. Ile ya nguvu ya poda na gramu ndiyo uwiano kinyume, kimoja kikigawanyika kwa mbili kingine kinazidishwa kwa mbili, ukizidisha unapata namba moja. Ndoo ni ileile, klore ni ileile, na ndani yake kuko aina zote mbili, inategemea unagusa nini. Njo maana kukariri kwamba "klore ni uwiano wa aina fulani" hakusaidii.

Na hii shida ni ya zamani sana, ilinifariji kujua. Wahindi walikuwa wanaandika kanuni ya namba tatu tangu zamani, Aryabhata aliieleza mwaka 499, na Brahmagupta mwaka 628 akaweka kanuni ya kinyume pembeni kama kitu chake peke yake. Mimi naona kama hawa watu walilazimika kuipa jina lake basi hata wakati ule kuko watu waliokuwa wanapiga msalaba mahali si pake.

Kuko kosa lingine nililiona palepale kwenye klore, na ni la kimya kuliko lile langu. Kutoka maji ya 0.5 kwenda ya 0.05 unapunguza mara kumi. Wengi walikuwa wanachukua litri 1 ya ile ya nguvu wanatia kwenye litri 10 za maji. Hapana, ukifanya vile una litri 11. Ni litri 1 kwa litri 9, jumla 10. Hapa tofauti ni ndogo, lakini kosa ni lilelile la mtu anayesikia "1 kwa 1" akafikiri ni yote, wakati ni nusu, na "1 kwa 2" akafikiri ni nusu wakati ni theluthi. Uwiano wa sehemu na sehemu si sawa na uwiano wa sehemu na jumla. Kwa Kiswahili chetu cha hapa tunasema "moja ku kumi" kwa vyote viwili, na mimi siku hizi sikubali, namuuliza mtu, ile kumi, hiyo moja iko ndani ao iko nje? Akijibu njo tunaendelea.

Mama yangu maji ya sukari na chumvi ya mtu mwenye kuhara alikuwa anayajua vizuri, Goma hii kolera tumeishi nayo, litri 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari vilivyosawazishwa, nusu kijiko cha chumvi. Chupa ya nusu litri, sukari 3, chumvi robo. Hajaenda mbali shuleni lakini hajawahi kukosea, juu yeye anaona ladha kama ndio kitu kisichogeuka, anasema maji yakipita chumvi ya machozi hayo ni mabaya.

Sasa betoni, yaani zege. Tarehe 22 Mei 2021 jioni volkano yetu, Nyiragongo, ikatoka. Lava ilishuka ikafika Buhene, na nyumba ya baba yangu mdogo ilikuwa njiani, ikaisha yote. Tarehe 27 asubuhi ikatangazwa kwamba sehemu kubwa ya mji ihame, mitaa 10, na sisi tukatoka kwa miguu kuelekea Sake na watu kama mchanga. Nitarudi kwenye hiyo safari. Kisha tuliporudi, miezi ikapita, baba mdogo akapata kiwanja na akaanza kujenga, na mimi nikawa nahesabu vifaa vyake juu kazi ya Ebola ilikuwa imeisha, ule ugonjwa ulitangazwa umekwisha tarehe 25 Juni 2020.

Betoni yake ilikuwa 1 kwa 2 kwa 4. Ndoo moja ya simenti, mbili za mchanga, nne za gravie, hapa kwetu gravie ni makoro yaliyopondwa, mawe ya volkano yenyewe iliyotufukuza. Asubuhi moja kijana msaidizi aliona betoni haitoshi kumaliza nguzo, akasema tuongeze moja kila mahali, simenti 2, mchanga 3, makoro 5. Akiwa na imani kabisa kwamba amefanya haki, juu kila kitu kimeongezewa sawasawa. Baba mdogo akaona ni sawa pia. Mimi nikasema hapana.

Kumweleza ilichukua muda, na mwishoni hakuelewa kwa namba kubwa, alielewa kwa kurudi nyuma. Nikamwambia sawa, kama kuongeza moja kila mahali hakuharibu, basi na kupunguza moja kila mahali hakuharibu. Toa moja kwenye 1, toa moja kwenye 2, toa moja kwenye 4. Ikabaki 0, 1 na 3. Akanyamaza, akaangalia zile ndoo, akasema, "Simenti imeisha." Ndiyo, imeisha, umebaki na mchanga na mawe. Uwiano haujui kuongeza, unajua kuzidisha. Ukitaka simenti 2 basi mchanga 4 na makoro 8. Nikakokotoa pia hasara, kwenye 2 kwa 3 kwa 5 simenti ni ndoo 2 katika 10, kwenye 1 kwa 2 kwa 4 ni ndoo 1 katika 7, kwa hiyo kila ndoo 70 unazotia anatumia 14 badala ya 10. Ndoo nne za simenti, na simenti kwa mtu aliyeunguliwa nyumba si kitu kidogo.

Pia usitegemee ndoo 7 kavu zikupe ndoo 7 za betoni, mchanga unaingia katikati ya mawe, simenti inaingia katikati ya mchanga, inatoka pungufu. Uwiano wa ndani unashika lakini jumla inanywea. Hii nilikuwa siijui na tulikosa vifaa siku mbili.

Wafanyakazi na siku, ile ya kitabu, ilitokea pia. Watu 4 walikadiriwa siku 15, ni kama siku 60 za mtu mmoja, tukaweka 6, siku 10. Ilikaribia kweli, walitumia 11. Lakini baba mdogo akaanza kuota kuweka 12 amalize kwa siku 5, na hapo kitabu kinadanganya kama husemi mwisho wake. Watu 12 kwenye kile kiwanja wanakanyagana, ndoo ni zilezile, na betoni yenyewe haina habari mko wangapi, inakauka kwa muda wake, mafundi wanahesabu siku 28 ndipo wanasema imefika nguvu yake. Uwiano kinyume ni kweli kati ya hapa na hapa. Nje ya hapo usiupeleke.

Franga ndiyo sehemu ilitugombanisha. Mwaka 2022 tulinunua maharagi watatu tukahifadhi tuuze bei ikipanda. Mimi niliweka dola 200 tangu mwanzo, miezi 6. Mama jirani dola 100, miezi 6. Mtoto wa mama yangu mkubwa aliingia mwishoni na dola 300, zikakaa miezi 2. Faida ikatoka dola 120. Yeye akataka 60, juu 300 ni nusu ya 600, na hesabu yake kwa namna ile ni sahihi, kugawa kwa kufuata mtaji, 3 kwa 2 kwa 1, yeye 60, mimi 40, mama jirani 20. Nikasema na muda je? Franga zangu zililala kwenye magunia nusu mwaka, panya ni wangu, kodi ya depo ni yangu. Ukizidisha franga na miezi inakuwa yangu 200 mara 6 ni 1,200, ya mama jirani 600, yake 300 mara 2 ni 600. Uwiano 2 kwa 1 kwa 1. Mimi 60, wao 30 kila mmoja.

Yeye 60 ao 30. Tofauti ya nusu nzima, na hesabu zote mbili hazina kosa. Wiki mbili hatukusalimiana. Mama jirani ndiye alisuluhisha, akasema, "Bana bangu, tungesema hii mbele ya kununua." Na ni kweli, hesabu inajua kugawa kwa namba ulizoipa, lakini ni namba gani ziingie, franga peke yake ao franga na muda, hiyo ni sisi tulipaswa kukubaliana kabla gunia la kwanza halijafungwa. Mwishoni tulifuata ya franga na miezi, yeye akachukua 30, lakini mpaka leo kuna kitu kilivunjika kidogo na kinaniuma. Sasa hivi sinunui hata debe na mtu bila karatasi imeandikwa kwamba tutagawa kwa kufuata nini.

Kuna vitu vinaonekana vya kwenda pamoja na haviendi. Mama alinunua sufuria kubwa ya kupikia kwenye matanga, muuzaji akamwambia hii ni mara mbili ya ile yako. Ya zamani upana sentimita 25 na kimo 15, mpya upana 50 na kimo 30. Ni kweli, mara mbili. Mama akatia maharagi mara mbili na maji mara mbili, akashangaa sufuria imejaa robo tu. Juu upana unaongezeka pande mbili na kimo kinaongezeka tena, mara 2 mara 2 mara 2, ni mara 8. Ya zamani ni karibu litri 7, mpya ni karibu litri 59. Chini yake, pale moto unashika, ni mara 4 tu. Na muda wa kuiva hauzidi mara 8 wala mara 4, maharagi yanaivia saa zake, ila kuchemka kwa mara ya kwanza ndiko kunachelewa sana na makala, yaani mkaa, unaitia mpaka unalia. Vitu vitatu, sufuria moja, na kila kimoja kina namna yake ya kukua.

Moto ya abiria, yaani pikipiki, nayo pia, ukimuuliza dereva bei ya mbali mara mbili haikupi bei mara mbili, kuko franga ya kuwasha tu na kukuchukua, ile haihusiki na umbali. Hiyo ni ya kuongeza na kuzidisha pamoja, msalaba hauiwezi.

Nina kaye moja, kurasa zimechorwa sehemu tatu. Sehemu ya kwanza naandika vitu ambavyo ukigawanya unapata namba moja, ya pili ambavyo ukizidisha unapata namba moja, ya tatu vilivyokataa vyote. Sehemu ya tatu ndiyo inajaa haraka. Bei ya makala iko pale, nilifikiri magunia yakipungua nusu sokoni bei itaongezeka mara mbili, nikaandika wiki hadi wiki wakati barabara iliharibika na mvua, hapana, bei iliruka zaidi, na magunia yaliporudi haikushuka kwa njia ileile iliyopandia. Bado naandika.

Mdogo wangu mwaka huu anajiandaa na ENAFEP, mtihani wa taifa wa kumaliza primaire, na jioni tunakaa naye. Simruhusu kupiga msalaba kabla hajaniambia kwa mdomo nini hakigeuki, mwanzoni alichukia, alisema yaya (hapa kwetu njo tunaita mkubwa wako) unanichelewesha, wenzangu wanamaliza. Juzi kitabu kikampa mtu anayetembea kilomita 5 kwa saa, safari ni saa 5, je akipanda baiskeli ya kilomita 12 na nusu kwa saa? Akafunga macho kidogo akasema, "Barabara. Barabara haigeukake." Kilomita 25. Akagawanya, saa 2. Nikamwambia vizuri.

Kisha akaniuliza kilomita 25 ni kama wapi. Nikamwambia ni karibu kama hapa mpaka Sake. Akaacha kalamu. Mwaka 2021 alikuwa na miaka 7, nilidhani amesahau. Akasema, "Yaya, sisi ile siku tulitembea saa ngapi?" Nikamwambia tulitoka saa 12 asubuhi tukafika saa 9 mchana, saa 9 nzima, watu walikuwa wengi, barabara imejaa magari na magodoro, na Mama alikuwa anamshusha mgongoni anapumzika anambeba tena. Akavuta kaye akaandika 25, akagawanya kwa 9. Ikatoka 2.7, akaendelea, 7 tena, 7 tena, haziishi. Akainua macho akaniuliza kama aziandike zote.